Conceivable: linalowazika si lazima liwezekane

Kamusi nyingi hulimaliza neno la Kiingereza "conceivable" kwa mstari mmoja: linalofikirika, linaloweza kuwazwa. Maana hiyo si potofu, ila haimfikishi msomaji mbali. Mhandisi akiandika "It is conceivable that the wall will crack", anazungumza kwa tahadhari na karibu hajaahidi kitu. Mwandishi akisema "They tried every conceivable method", anatia chumvi na kudai kwamba hakuna njia iliyosazwa. Naye anayepaza sauti "That is inconceivable!" hapimi uwezekano hata kidogo, anakataa kwa hasira au kwa mshangao. Kivumishi ni kilekile, mara hafifu, mara kizito. Kinachoamua uzito wake ni maneno yaliyokizunguka, na hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Shina lake ni kitenzi "conceive", kilichoingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa kutoka Kilatini "concipere", ambacho ndani yake mna "capere", yaani kutwaa au kushika. Kitenzi hicho kina matawi mawili: kushika mimba, na kuunda wazo akilini. Mswahili hashangai, maana kwake pia mimba hutungwa na hadithi hutungwa. Lakini kivumishi kimebaki na tawi la pili tu. Mfasiri akikutana na "every conceivable treatment" katika makala ya afya ya uzazi asivutwe na mada: hiyo ni kila tiba inayoweza kufikiriwa, na haihusiani na uwezo wa mtu kupata mimba.

Dai la neno lenyewe ni dogo. Linasema wazo fulani linaweza kuundwa kichwani bila kujivunja. Pembetatu yenye pande nne haiwaziki, kwa sababu sehemu moja ya maelezo inaikana nyingine. Mji uliojengwa chini ya bahari unawazika, ingawa haupo. Neno halisemi kwamba jambo limetokea au litatokea, wala kwamba lina ushahidi, wala kwamba nyenzo za kulifanya zipo. Wasomaji wengi huliongezea mojawapo ya hayo bila kujua, na makosa mengi huanzia hapo.

Ngazi na vidato vyake

Tuseme mota ya pampu imezimika ghafla na haiwaki tena. Fundi anayesema "It is conceivable that both fuses blew at the same instant" amesema tu kwamba fyuzi mbili kuungua kwa nukta moja ni jambo ambalo akili inaweza kulipokea. Hicho ndicho kidato cha chini kabisa cha ngazi. Akitumia "possible" amepanda kimoja: anadai kwamba hakuna kitu katika kanuni za umeme wala katika muundo wa mota hiyo kinachozuia. Kwa "plausible" amepanda tena. Sasa maelezo yanaoana na hali inayojulikana, mathalani volteji imekuwa ikipanda na kushuka tangu asubuhi, na fundi mwingine akiyasikia hatayacheka. Akifika kwenye "likely" au "probable", ushahidi umeelemea upande huo kuliko maelezo mengine yoyote.

Tazama kila kidato kinavyogharimu. Kwa "conceivable" inatosha kuwa na akili inayowaza. "Possible" inadai ujuzi wa kitu chenyewe, "plausible" inadai ujuzi wa mazingira, na "likely" inadai ushahidi uliopimwa. Ndiyo maana mtu asiyejua lolote kuhusu mota anaweza kusema kwa haki kamili kwamba jambo fulani ni "conceivable", na ndiyo maana kauli yake haina thamani kubwa.

Maneno mawili huingizwa kwenye ngazi hii kimakosa. "Feasible" huzungumzia kazi na mipango: kubadilisha nyaya za koili ni "feasible" ikiwa kuna fundi, vifaa na muda. Ajali au hitilafu haiwi "feasible". Na "credible" hupima kama msemaji au taarifa yake inaaminika, kwa hiyo shahidi anaweza kuwa "credible", lakini hakuna shahidi aliye "conceivable" kwa maana hiyo.

"Imaginable" ndilo jirani wa karibu zaidi, kiasi kwamba kamusi huyafanya mawili haya kuwa visawe. Katika mazungumzo ya kawaida ni visawe kweli. Tofauti yao inaonekana unapouliza kama akili inaona picha au inafahamu tu. Mwanafalsafa René Descartes aliitenganisha vizuri katika tafakuri yake ya sita, iliyochapishwa mwaka 1641, kwa mfano wa umbo lenye pande 1,000. Akili inafahamu umbo hilo kikamilifu, inaweza hata kukokotoa jumla ya pembe zake za ndani, lakini hakuna anayeweza kuliona kichwani akalitofautisha na la pande 10,000. Umbo hilo ni "conceivable" bila kuwa "imaginable". Kutokana na tofauti hiyo, waandishi wa Kiingereza huelekea kuchagua "imaginable" palipo na hisia na taswira, kama katika "the worst pain imaginable", na kuchagua "conceivable" palipo na hoja, mpango au hesabu.

Pale neno linapoamua kesi

Kama tofauti ya "conceivable" na "plausible" inaonekana kuwa mchezo wa wanaisimu, mahakama za Marekani zinaonyesha vinginevyo. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Bell Atlantic dhidi ya Twombly. Wateja walidai kwamba kampuni kubwa za simu zilikula njama ya kutoingiliana katika maeneo yao. Walichokuwa nacho ni kwamba kampuni hizo zilikuwa zikitenda kwa namna moja. Mahakama ilisema mwenendo huo unaendana na njama, lakini unaendana vilevile na kila kampuni kujiamulia yenyewe. Kwa maneno ya hukumu, walalamikaji hawakuwa wamesukuma madai yao kuvuka mstari "from conceivable to plausible". Kesi ikatupwa kabla ya hatua ya kutafuta ushahidi.

Kabla ya hapo, tangu kesi ya Conley dhidi ya Gibson ya mwaka 1957, kanuni ilikuwa laini zaidi: dai halikutupwa ila pale ilipokuwa dhahiri kwamba hakuna mkusanyiko wowote wa ukweli ambao mlalamikaji angeweza kuuthibitisha akashinda. Kwa vitendo, kidato cha chini kilitosha. Mwaka 2009, katika kesi ya Ashcroft dhidi ya Iqbal, kipimo kipya kikathibitishwa kwa kesi zote za madai katika mahakama za shirikisho. Jimbo la Delaware, ambako kampuni nyingi kubwa zimesajiliwa, lilikataa kufuata mkondo huo. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilisema kipimo chake kinabaki "reasonable conceivability". Kwa hiyo hati ileile ya madai inaweza kuanguka katika mahakama ya shirikisho na kusimama Delaware, na kinachotofautisha ni kivumishi.

Kuna mahali pengine ambapo udhaifu wa neno hili hugeuka kuwa ngao. Sheria ya kawaida ya kiuchumi inapopingwa Marekani kwamba inabagua, mahakama huiacha isimame ikiwa kuna "any reasonably conceivable state of facts" inayoweza kuipa msingi wa kiakili. Maneno hayo yamo katika uamuzi wa mwaka 1993 uliohusu kanuni za televisheni ya kebo. Si lazima bunge liwe limewaza sababu hiyo. Inatosha kwamba inaweza kuwazwa. Mpingaji ndiye anayebeba mzigo wa kuvunja kila sababu inayowazika, na mzigo huo ni mzito mno, kwa kuwa kuwaza ni rahisi.

Katika kesi za jinai mambo hugeuka. Kiwango ni kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana, na majaji wa nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza hueleza mara kwa mara kwamba hiyo si sawa na kuondoa kila shaka inayowazika. Daima inawazika kwamba mtuhumiwa ana pacha asiyejulikana. Shaka ya namna hiyo haimwachilii mtu.

Je, kinachowazika kinawezekana?

Wanafalsafa wamegombania kidato cha kwanza na cha pili kwa karne nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1070 Anselm alijenga hoja ya kuwapo kwa Mungu juu ya dhana ya kile ambacho hakuna kikubwa kuliko hicho kinachoweza kuwazwa. Kwa Kiingereza cha leo mara nyingi huitwa "the greatest conceivable being". Mwaka 1739 David Hume aliweka kanuni kwa uwazi: tunaweza kuwaza mlima wa dhahabu, basi mlima huo unaweza kuwapo, hatuwezi kuwaza mlima usio na bonde, basi huo tunauona kuwa hauwezekani.

Kanuni hiyo inavutia, na inavunjika mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 1742 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake Leonhard Euler dhana ambayo leo huelezwa hivi: kila namba shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Haijathibitishwa wala kukanushwa. Unaweza kuwaza kwamba ni kweli, unaweza kuwaza pia kwamba mahali fulani mbali sana ipo namba inayoikana. Lakini katika hisabati moja kati ya hayo mawili haiwezekani kabisa, wala haikuwahi kuwezekana. Basi tumekwisha kuwaza lisilowezekana.

Mwanafalsafa Saul Kripke aliongeza pigo lingine katika mihadhara yake ya mwaka 1970. Watu wa kale wangeweza kuwaza kwa urahisi kwamba maji hayana hidrojeni. Lakini ikiwa maji ni H2O, basi kitu kisicho na hidrojeni si maji, hata kikifanana nayo kwa ladha na rangi. Waliokuwa wakidhani wanawaza maji yasiyo na hidrojeni walikuwa wakiwaza kimiminika kingine. Pamoja na hayo, mwanafalsafa David Chalmers alirudi kwenye kanuni ya Hume katika kitabu chake cha mwaka 1996, akitumia mfano wa zombi: kiumbe anayefanana na mtu hadi atomu ya mwisho, ila hana hisia yoyote ndani. Alidai kwamba kwa kuwa zombi anawazika, basi anawezekana, na hivyo fahamu haiwezi kuwa maada tupu. Wapinzani wake humshambulia katika sehemu mbili tofauti: wengine hukana kwamba zombi anawazika kweli ukifikiri hadi mwisho, wengine hukubali hilo na kukana kwamba kuwazika kunathibitisha kuwezekana. Msomaji wa maandishi hayo afaidike na swali moja dogo kila anapokutana na "conceivable": je, mwandishi anamaanisha linawazika kwa mtazamo wa haraka, au linawazika hata baada ya kufikiriwa kikamilifu? Mabishano mengi yanatokana na watu wawili kutumia maana hizo mbili bila kuambizana.

Muundo wa sentensi

Mazingira makuu ya neno hili ni machache, na kila moja lina kanuni zake.

La kwanza ni "it is conceivable that", likifuatwa na kishazi kizima chenye kiima na kitenzi. Hapa ndipo wanafunzi hukosea zaidi, kwa kulitendea kama "possible". Unaweza kusema "It is possible to win". Usiseme "It is conceivable to win". Sema "It is conceivable that we will win" au "that we could win". Nguvu ya sentensi hutawaliwa na kielezi kinachotangulia. "Perfectly conceivable" na "entirely conceivable" huondoa kizuizi chote. "Just conceivable" hurudisha nyuma: inawazika, lakini kwa shida. "Barely" na "hardly" hurudisha zaidi, na "hardly" inahitaji macho: haimaanishi kwa bidii, inamaanisha karibu hapana. "Very conceivable" husikika kwa nadra na humkwaza msomaji mzoefu. "Quite conceivable" ndiyo ya kawaida.

La pili ni "every conceivable" na "any conceivable". Baada ya "every" nomino hukaa katika umoja: "every conceivable reason", kamwe si "every conceivable reasons". Kihisabati dai hili karibu kila mara ni uongo, kwani hakuna aliyejaribu kila njia inayowazika, lakini msomaji wa Kiingereza hulipokea kama kutia chumvi na halimsumbui. Katika mkataba au ripoti ya kiufundi hali ni nyingine. Ukiandika kwamba umefanya "every conceivable test", mtu anaweza kukuuliza kuhusu jaribio moja ulilolisahau. Afadhali kuyataja majaribio yenyewe. Pamoja na kikanushi, "for no conceivable reason" humaanisha bila sababu yoyote ambayo mtu angeweza kuifikiria, na kwa kawaida hubeba lawama.

Likiandamana na sifa ya kiwango cha juu, kama "best", "worst" au "smallest", kivumishi hiki kinaweza kukaa kabla ya nomino au baada yake: "the worst conceivable outcome" na "the worst outcome conceivable" zote ni sahihi. Ya pili ina uzito zaidi kwa sababu neno linabaki mwishoni.

Kielezi chake ni "conceivably", na mahali pake pa kawaida ni baada ya "could", "might" au "may": "The delay could conceivably last a week". Kikianza sentensi, hufuatwa na mkato. Kukirundika pamoja na "possibly" au "perhaps" katika kishazi kimoja hakuongezi tahadhari. Kunaonyesha tu mwandishi aliyeogopa.

Ukanushaji hutumia "in-", si "un-". "Unconceivable" hukutwa katika maandishi ya zamani, ila leo huhesabiwa kosa. Na "not inconceivable", yenye vikanushi viwili, haijirudishi mwanzoni kama hesabu ingetaka. Hutumiwa pale msikilizaji anapodhaniwa kwamba ameshalikataa jambo: unamwomba alifungulie mlango kidogo tu.

Tahajia ina mitego miwili. Baada ya "c" huja "ei", kama katika "receive", "deceive" na "perceive", ambazo zote ni ndugu wa Kilatini kilekile. Pia "e" ya mwisho ya "conceive" hudondoka kabla ya "-able". Hubaki katika "noticeable" na "changeable" kwa sababu huko inalinda sauti ya "c" na "g". Herufi "v" haihitaji ulinzi. Katika matamshi, Mswahili huvutwa na desturi ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, akatamka neno likaelemea "va". Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwanzo: kan-SII-va-bol, "sii" ikivutwa na nyingine zikipita haraka.

Kulileta kwenye Kiswahili

Kiambishi "-able" hushawishi mfasiri akimbilie kauli ya "-ika": fikirika, wazika. Mara nyingi inafaa, ila ina madhara mawili. Kwanza, "-ika" hueleza pia hali iliyokwisha kutokea. Kikombe kilichovunjika kimeshavunjika, si kikombe kinachoweza kuvunjika. Pili, "-a kufikirika" imeshazoeleka kwa maana ya kubuni: nchi ya kufikirika ni nchi isiyokuwapo. Ukitafsiri "a conceivable danger" kuwa "hatari ya kufikirika", msomaji ataelewa kwamba hatari hiyo ni ya kubuni, kinyume kabisa cha onyo lililokusudiwa. Andika "hatari inayoweza kutokea", au, ukitaka kubaki kwenye kidato cha chini, "hatari ambayo mtu anaweza kuiwaza".

Kwa "it is conceivable that", Kiswahili kina "huenda hata" kwa maandishi mepesi, na "si muhali kwamba" kwa maandishi rasmi. "Huenda" peke yake hupanda hadi "possible", kwa hiyo hiyo "hata" si pambo. "Not inconceivable" nayo huingia vizuri sana katika "si muhali", pengine kuliko mahali pengine popote. "Every conceivable" haitaki tafsiri ya neno kwa neno. "Za kila namna", au "kila njia unayoijua na usiyoijua", hubeba chumvi ileile. "For no conceivable reason" ni "bila sababu yoyote ya maana".

Kwa "inconceivable" kuna "haiwaziki" na "haingii akilini". Ya pili ndiyo hutamkwa na watu, na inafaa kwa mshangao na kwa kukataa. Lakini katika maandishi ya falsafa au hisabati, ambako "inconceivable" ni dai la kimantiki na hakuna mshangao wowote, "haingii akilini" itamfanya mwandishi aonekane ameghadhibika. Huko tumia "haiwaziki", na pembetatu yenye pande nne ibaki haiwaziki bila mtu kupandisha sauti.